Damu ya mtoto na lawama za mama

 Leo nataka tuwazungumzie watoto wa aina mbili ambao kwetu huku Saboti, Kitale na Bungoma hutajwa kwa sauti mbili tofauti. Wa kwanza ni mtoto aliyefika miaka mitatu au minne bila kutamka neno la maana, asiyekutazama usoni, anayeweza kuzungusha kifuniko cha chupa asubuhi nzima na kuziba masikio akilia pikipiki ikipita. Huyo hutajwa kwa kunong'ona. Wa pili ni mtoto aliyenenepa kupita kiasi, asiyejua kushiba, ambaye alipokuwa mchanga alisifiwa na kila mgeni kuwa ana afya, lakini alipoingia shule ya msingi akabandikwa majina. Huyo hutajwa kwa kicheko. Kinachowaunganisha hawa wawili ni swali linaloulizwa wazazi wao wakishaondoka: mama yake alifanya nini? Kwa yule wa kwanza, mwenye usonji, watasema mama alivunja mwiko, au alitumia dawa za kupanga uzazi, au kwao kuna laana. Kwa mtoto mnene watasema mama ni mvivu wa kupika, anamshibisha chipsi na soda. Mimi nasema utafiti wa jeni umekwisha kulijibu swali hilo kwa sehemu kubwa, na jibu lake linamtua mama mzigo ambao hakustahili kubebeshwa. Kwa sababu hiyo tunapaswa kuutaka utafiti huo hapa kwetu, kwa masharti yanayomlinda mtoto na mzazi wake.

Asifikiri mtu kwamba lawama hizi ni za kijijini, au ni za watu wasiosoma. Daktari Leo Kanner alipoandika juu ya watoto 11 wenye hali hii kule Baltimore, Marekani, mwaka 1943, alitaja pia kwamba aliwaona wazazi wao kama watu wasio na uchangamfu. Kutokana na mawazo ya namna hiyo pakajengwa nadharia nzima kwamba usonji huletwa na mama baridi, asiyempenda mwanawe. Bruno Bettelheim aliitetea kwa nguvu katika kitabu alichokichapisha mwaka 1967, na kwa miaka mingi akina mama wa Marekani na Ulaya waliketi mbele ya wataalamu wakaambiwa kwamba upendo wao ulipunguka. Pigo moja kubwa kwa nadharia hiyo lilikuja mwaka 1977. Susan Folstein na Michael Rutter, wakiwa London, waliwachunguza mapacha jozi 21 ambamo angalau pacha mmoja alikuwa na usonji. Katika jozi 11 za mapacha wa kufanana, wanaotokana na yai moja, jozi 4 zilikuwa na usonji kwa wote wawili. Katika jozi 10 za mapacha wasiofanana hapakuwa na hata moja. Kila jozi ilikuwa na mama mmoja, nyumba moja, malezi yaleyale. Tofauti ilikuwa kiasi cha jeni walichoshirikiana. Idadi ilikuwa ndogo, na mtu mwangalifu angeweza kutilia shaka. Lakini mwaka 2019 ukachapishwa uchunguzi wa watoto zaidi ya milioni mbili kutoka Denmark, Finland, Sweden, Israeli na Australia ya Magharibi, ukakadiria kwamba asilimia 80 hivi ya tofauti zinazomfanya mtoto huyu awe na usonji na yule asiwe nao hutokana na urithi wa jeni. Watafiti hao walipima pia mchango wa mama ulio nje ya jeni anazompa mtoto. Waliuona kuwa mdogo sana, kati ya sufuri na asilimia mbili.

Sisemi kwamba mazingira hayana kazi yoyote. Dawa ya kifafa iitwayo valproeti, ikitumiwa wakati wa ujauzito, huongeza uwezekano wa mtoto kuzaliwa na usonji, na mwanamke anayeitumia anapaswa kuzungumza na daktari kabla ya kushika mimba; asiiache kwa hofu, kwa maana kifafa kisichotibiwa chaweza kumwua. Chanjo haimo katika orodha hii. Makala ya mwaka 1998 iliyowatia watu hofu ya chanjo ya surua iliondolewa rasmi na jarida lililoichapisha, The Lancet, mwaka 2010.

Sasa tumgeukie mtoto mnene, maana hapa wengi huona mambo ni rahisi: anakula sana, basi. Mwaka 1997, kule Cambridge nchini Uingereza, Stephen O'Rahilly, Sadaf Farooqi na wenzao walieleza habari za watoto wawili, binamu, wa familia yenye asili ya Pakistan. Msichana wa miaka minane alikuwa na kilo 86. Mvulana wa miaka miwili alikuwa na kilo 29. Damu yao ilipochunguzwa, ikaonekana karibu haina leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na kuuambia ubongo kwamba akiba ipo, acha kutafuta chakula. Jeni ya kuitengeneza ilikuwa na kasoro kwa wote wawili. Ubongo wa watoto hawa uliishi kama wa mtu mwenye njaa kali, siku zote, hata baada ya kula. Msichana alipoanza kudungwa leptini alipungua zaidi ya kilo 16 katika mwaka mmoja, naye akawa anakaa mezani kama watoto wengine. Tafakari sasa ni mara ngapi mama wa mtoto yule aliambiwa hajui kumkataza mwanawe.

Halafu kuna habari ambayo kwangu ndiyo kiini cha mazungumzo haya. Kundi la Farooqi lilikusanya watoto 300 wenye unene uliokithiri, likachapisha matokeo kati ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010. Baadhi ya watoto hao walikutwa wamepotelewa na kipande cha kromosomu namba 16. Wachache miongoni mwao walikuwa tayari wameandikwa na maofisa wa ustawi wa jamii katika orodha ya watoto walio hatarini, kwa dhana kwamba wazazi wanawalisha kupindukia kwa makusudi. Serikali ilikuwa inawatazama wazazi wale kama watesaji. Sababu ya kweli ilipojulikana, majina ya watoto yaliondolewa katika orodha. Kwa wale wazazi, huo ndio msaada wa kwanza walioupata kutokana na jeni. Hapakuwa na dawa mpya wala sindano, ila jibu, na mzazi mwenye jibu anaweza kuinua uso mbele ya majirani.

Kromosomu hiyo ya 16 ndiyo inayowakutanisha watoto wetu wawili. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba kupotea au kurudufiwa kwa kipande fulani katika mkono mfupi wa kromosomu hiyo, kipande chenye jeni 30 hivi, huonekana kwa takriban mtu mmoja katika kila mia wenye usonji. Mwaka 2010 ikaonekana kwamba kupotea kwa kipande hichohicho huandamana na unene mkubwa, kwa watu kama saba katika kila elfu wenye unene uliokithiri. Na mwaka uliofuata ikathibitika kinyume chake: aliyezidishiwa kipande hicho huelekea kukonda. Kwa hiyo mahali pamoja padogo mwilini panagusa usemi, tabia na njaa kwa wakati mmoja. Kuna pia hali ya Prader-Willi, inayotokana na kromosomu namba 15, ambamo mtoto huzaliwa mlegevu asiyeweza kunyonya vizuri, kisha akikua hushikwa na njaa isiyokatika, huiba chakula, na wengine huonyesha dalili za usonji. Mtoto wa namna hiyo katika nyumba zetu atachapwa kwa wizi na mama yake atachekwa kwa malezi, na wote wawili hawana kosa.

Hapo najua atainuka mtu aseme: basi umeihamisha lawama tu. Ulimtoa mama kwenye kosa la malezi, umemtia kwenye kosa la damu. Kesho wataulizana kama ukoo huu unafaa kuolewa. Hofu hiyo ni ya kweli, nami siichukulii kwa wepesi, kwa sababu katika jamii zetu, za Wabukusu, Wasabaoti na wengine waliochanganyika hapa, kuchunguza ukoo kabla ya ndoa ni jambo la kawaida. Lakini sikiliza ushahidi. Makosa mengi makubwa ya jeni yanayoleta usonji mzito huwa mapya: hayamo katika damu ya baba wala ya mama, yalitokea wakati yai au mbegu ya kiume ilipokuwa inatengenezwa, na hakuna binadamu anayeweza kuyazuia. Yale yaliyo mapya katika jeni moja moja, tena, hutoka upande wa baba mara nyingi zaidi, na huongezeka kadiri umri wa baba unavyosogea. Kwa watoto wengine wengi, usonji hutokana na mamia ya tofauti ndogondogo zilizotapakaa katika kila ukoo ulio chini ya jua, mchango wa pande zote mbili, ambazo kwa bahati zimekusanyika kwa mtoto mmoja. Ukitaka kukwepa ukoo wenye jeni hizo hutaoa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linahusu unene. Babu zetu, mtu atasema, walikuwa na jeni hizihizi na hawakunenepa. Kilichobadilika ni chakula. Nakubali nusu ya kwanza na nusu ya pili, ila hitimisho silikubali. Ni kweli chakula kimebadilika. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba nchini Kenya asilimia 18 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na asilimia 3 wana uzito uliozidi. Njaa bado ni tatizo kubwa kuliko shibe kwa umri huo, na huo ni ukweli ambao mtu anayezungumzia unene wa watoto katika kaunti zetu hana ruhusa ya kuusahau. Lakini ukienda kwa wanawake watu wazima, zaidi ya wanne katika kila kumi wana uzito uliozidi au ni wanene. Miili hiyo haijengwi siku moja. Swali ni kwa nini katika nyumba moja, sufuria moja, mtoto mmoja ananenepa na mwenzake hanenepi. Watu wa Kitale wanalijua jibu kwa njia ya shamba. Mwaka 1964 mbegu chotara ya H611 ilitoka hapahapa, ikizalishwa kwa kukutanisha mahindi ya Kitale na mahindi ya kutoka Ecuador, na mkulima wa Saboti anajua mambo mawili kwa pamoja: kwamba mbegu ya nyanda za juu ukiipeleka kwenye joto la pwani haikupi kitu, na kwamba katika shamba moja, mvua moja, mbolea moja, mbegu mbili tofauti hazitoi magunia sawa. Jeni iitwayo FTO, ambayo uhusiano wake na unene uligunduliwa mwaka 2007, imefuata mwendo huohuo. Mtu mzima aliyerithi aina yake inayonenepesha kwa baba na kwa mama huwa na kilo kama tatu zaidi ya asiyeirithi. Lakini watafiti waliorudi kwenye kumbukumbu za miaka mingi za watu wa Framingham, Marekani, waliona kwamba kwa waliozaliwa kabla ya 1942 aina hiyo ya jeni karibu haikuonyesha athari yoyote. Kwa waliozaliwa baadaye, wakakulia katika wakati wa chakula kingi na kazi ya kukaa, ilionekana waziwazi. Kwa hiyo anayepiga vita soda shuleni anafanya jambo jema, na anayechunguza jeni anafanya jambo jema, na mmoja hamfuti mwingine. Asiyefanya jambo jema ni yule anayemcheka mtoto.

Nimesema utafiti huu tuutake hapa. Kwa nini, ikiwa wenzetu wa Cambridge na London wamekwisha kujibu? Kwa sababu wamejibu kwa damu ya kwao. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2019 ilionyesha kwamba katika tafiti kubwa za jeni na magonjwa duniani, watu wa asili ya Ulaya ni asilimia 78 hivi, na Waafrika ni asilimia 2 tu. Madhara yake si ya nadharia. Vipimo vinavyojumlisha jeni nyingi ili kukisia hatari ya mtu, vilipojaribiwa kwa watu wa asili ya Afrika, vilipoteza usahihi mara nne na zaidi. Na hali Afrika ndiko binadamu alikotoka, ndiko tofauti za jeni ziliko nyingi kuliko bara lolote, maana yake ni kwamba yapo mambo ambayo hayawezi kuonekana popote ila kwetu. Kuhusu usonji, tumeachwa nyuma hata katika kuhesabiwa. Katika miaka ya 1970 mtafiti Victor Lotter alizunguka miji tisa ya nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, akawaangalia watoto zaidi ya 1,300 wenye ulemavu wa akili katika taasisi zao, akawahesabu wenye usonji kuwa tisa. Wengine wakadhani Mwafrika hana ugonjwa huo. Watoto walikuwepo, ila walikuwa wamefichwa nyumbani, na hakuna anayehesabu mtoto aliye nyuma ya mlango.

Pengo hilo limeanza kuzibwa, na Kenya imo mstari wa mbele. Mradi wa NeuroDev, unaoendeshwa na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kule Kilifi pamoja na Chuo Kikuu cha Cape Town na Taasisi ya Broad ya Marekani, ukiwa na watafiti kama Profesa Amina Abubakar na Profesa Charles Newton, ulipangwa kuwachunguza watu zaidi ya 5,000: watoto wenye usonji na matatizo mengine ya ukuaji wa ubongo, watoto wasio na matatizo hayo, na wazazi. Matokeo ya mwaka wake wa kwanza yalichapishwa mwaka 2023, na tayari kuna watoto ambao sababu ya hali yao ilionekana wazi katika jeni. Karibu nasi zaidi, Chuo Kikuu cha Moi pale Eldoret, kilomita 70 hivi kutoka Kitale, kimeshiriki katika mradi mwingine mkubwa, NeuroGAP, unaotafuta jeni za skizofrenia na baipola kwa watu wa Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini. Uwezo upo. Kinachokosekana ni mtoto wa Saboti kuingia katika hesabu.

Na hapa ndipo penye kidonda. Mtu wa magharibi mwa Kenya ana haki ya kuuliza: tumewahi kutoa damu, tukapata nini? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alikusanya damu nchini humu mwaka 1949, akaona kwamba chembe za seli mundu ni nyingi pwani na kando ya Ziwa Viktoria, na chache sana nyanda za juu. Mwaka 1954 akauonyesha ulimwengu kwamba aliyerithi jeni hiyo kwa mzazi mmoja hukingwa dhidi ya malaria. Ni moja ya uvumbuzi mkubwa wa karne ile, na ulianzia katika damu ya watu wetu. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha jeni kwa ugonjwa wa seli mundu, Casgevy, ambayo Marekani ilitangazwa kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mzazi wa mtoto wa seli mundu pale Bungoma anapambana kupata vidonge vya kila siku. Mwaka 2019, tena, Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini kiliitaka Taasisi ya Sanger ya Uingereza irudishe sampuli za Waafrika, kukiwa na madai kwamba zilikuwa zinaelekezwa kwenye biashara bila ridhaa. Taasisi hiyo ilikana kukosea. Mwenye kusikia haya akakataa kutoa mkono adungwe, simlaumu. Ila kukataa hakutamletea chochote pia. Kinachoweza kumletea ni masharti. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka taarifa za jeni katika kundi la taarifa nyeti, na mzazi anaweza kuuliza kabla ya kutia sahihi: damu hii itahifadhiwa wapi, nani ataigusa, itatumika kwa swali gani jingine, na mkigundua sababu ya hali ya mwanangu mtarudi kuniambia? Swali la mwisho ndilo kubwa. Utafiti unaochukua damu na kuandika makala bila kurudi nyumbani kwa mtoto umeacha lawama palepale ulipoikuta.

Kuna hofu nyingine isiyosemwa hadharani. Hapa nchini neno DNA likitajwa, watu hufikiria kesi ya nani baba wa mtoto. Tafiti nyingi za usonji huomba damu ya mtoto, ya mama na ya baba, na zina uwezo wa kuona kama uhusiano ni ule uliotajwa. Ni lazima fomu ya ridhaa iseme, kwa Kiswahili, kwa Kibukusu, kwa Kisabaoti, kwamba jambo hilo halitatolewa kwa mtu yeyote, na mtafiti alishike. La sivyo utafiti uliokuja kumwondolea mama lawama utampeleka mlangoni na mizigo yake.

Mwisho, wapo wanaosema fedha hizi zingefaa kulipa walimu wa elimu maalum na wataalamu wa kufundisha usemi, ambao katika kaunti zetu ni wachache mno. Wangekuwa na haki kama fedha zenyewe zingetoka katika mfuko mmoja. Haziko hivyo: ruzuku ya utafiti haitajenga darasa, na bajeti ya kaunti haitanunua mashine ya kusoma jeni. Lakini kila mtafiti anayekuja Kitale au Bungoma anaweza kutakiwa amtathmini kila mtoto anayemwandikisha, aiache ripoti ya tathmini mkononi mwa mzazi ili ampeleke mtoto nayo kwenye kituo cha tathmini ya elimu, na awafunze wahudumu wa hospitali zetu za kaunti kuitambua hali hii kabla mtoto hajafika miaka mitatu. Upande wa pili ni wa serikali ya kaunti. Kila mwaka bajeti hupitishwa kabla ya tarehe 30 Juni, na kabla yake wananchi huitwa kutoa maoni. Katika wadi tano za Saboti, yaani Kinyoro, Matisi, Tuwani, Saboti na Machewa, wazazi wa watoto hawa wanaweza kuja pamoja, na watoto wao, bila kuwaficha, wakadai mstari mmoja uandikwe: mshahara wa mtaalamu wa usemi na wa mtaalamu wa lishe ya watoto, katika hospitali ya kaunti, wa kuajiriwa na kubaki.